Kupanda Kilimanjaro kwa Njia ya Machame kwa Siku Saba: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu haipumziki. Vikundi vya kazini, vya kanisani na vya waliosoma pamoja, wote wanataka kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, kama Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kule juu mwaka 1961. Na maswali ni yale yale. "Kaka, jaketi la bodaboda linatosha?" "Siku nne hazitoshi? Mimi nina mazoezi." "Mama ana presha, naweza kuja naye?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka mingi, sasa naandika yote mahali pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Machame. Nilianza mlimani kama mpagazi, nikawa kiongozi msaidizi, sasa naongoza. Utakayosoma hapa ni yale ninayowaambia wageni wangu usiku wa kabla ya safari, ila safari hii nayasema mapema, ungali na muda wa kujiandaa.

Kwanza, kwa nini siku saba

Hewa unayoivuta kileleni, mita 5,895, inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Dar es Salaam. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, lakini unataka siku kadhaa, na mazoezi ya gym hayauharakishi. Nimewaona wanariadha wakirudi wakiwa wamebebwa, na nimewaona kina mama wa miaka 60 wakifika bila hata kuumwa kichwa. Nadharia tutakayohitaji ni hiyo tu.

Ndiyo maana sikushauri siku tano. Najua ni nafuu, kwa sababu kila siku unayoongeza ina ada ya hifadhi na posho ya watu wanaokuhudumia. Lakini anayepanda siku tano akarudishwa njiani huja kulipa tena mwaka unaofuata. Machame ya siku sita ipo pia. Hiyo inaruka kambi ya Karanga, unatembea kutoka Barranco hadi Barafu siku moja, kisha usiku uleule unaamshwa kwenda kileleni. Kwa mgeni wa mlima huo ni mzigo. Chukua saba.

Kuhusu msimu, kavu ni Juni hadi Oktoba, na Januari hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, msitu wa Machame ni tope tupu. Wanaokuja kwa ajili ya tarehe 9 Desemba wajue kwamba vuli huwa haijaisha kila mwaka, wabebe vifaa vya mvua bila ubishi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

*Kauli ya daktari.* Nenda ukapimwe angalau mwezi mmoja kabla. Mwenye presha iliyodhibitiwa au pumu anaweza kuruhusiwa, lakini anayeruhusu ni daktari, siyo mimi wala kampuni. Mwenye selimundu asipande: upungufu wa oksijeni ndio hasa unaoamsha maumivu yake. Hata kama wewe hujawahi kuumwa ila umebeba vinasaba vyake, mwambie daktari. Mjamzito angoje. Mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni.

Muulize daktari pia kuhusu asetazolamaidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Inafanya vidole viwashe kama vyenye ganzi na inakupeleka haja ndogo mara kwa mara, kwa hiyo ijaribu ukiwa nyumbani. Kama dawa za salfa zinakudhuru, sema kabla hajakuandikia.

*Kampuni.* Sheria za hifadhi hazikuruhusu kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Kabla hujatuma hela, uliza mambo manne. Viongozi ni wangapi kwa kikundi chetu? (Kwa watu wawili au watatu, kiongozi mmoja na msaidizi mmoja.) Mtabeba mtungi wa oksijeni na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni? Wapagazi wanalipwa kiasi gani na wanakula mara ngapi? Stakabadhi ya ada za hifadhi nitaiona? Kampuni inayokwepa swali la tatu itakwepa na mengine. Niliwahi kufanya kazi na wakubwa waliotupa mlo mmoja kwa siku. Siku ya nne wagumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi, walikuwa wamechoka hata hema la mgeni linachelewa kusimama, na mgeni anakaa nje kwenye baridi bila kujua sababu. Mgumu akishinda na njaa, baridi na wewe itakupata.

*Kitambulisho.* Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, na hulipa kwa shilingi. Lakini lazima uthibitishe uraia wako: beba kadi ya NIDA au pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu. Viwango vyenyewe uliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wakati huo unapopanga, maana hubadilika.

*Mavazi na vifaa.* Hapa ndipo maswali yanapojaa. Vingi hukodishwa Moshi mjini, na jaketi zuri la baridi utalipata soko la mitumba la Memorial ukienda asubuhi na ukiwa na subira ya kuchambua. Usiyoweza kukosa ni haya:

- Buti za kupandia zinazofunika kifundo, ulizokwisha kuzivaa kwa wiki kadhaa. Hizi usikodi. Ziwe kubwa kidogo, nafasi ya kidole kimoja mbele.
- Jaketi nene lililojazwa manyoya, lile linalovimba kama mto wa kulalia. La bodaboda halitoshi, linazuia upepo tu.
- Koti na suruali ya mvua. Mwavuli hauna kazi mlimani.
- Nguo za ndani za kubana, za mikono mirefu na miguu mirefu, jozi mbili. Zisiwe za pamba.
- Sweta zito, kofia ya sufu inayofunika masikio, skafu, glovu nyepesi na juu yake glovu nene.
- Soksi nzito jozi nne. Jozi moja iwe ya kileleni tu, isiguswe kabla.
- Begi la kulalia la baridi kali. Ukikodi, lifungue palepale ujaribu zipu mpaka mwisho.
- Taa ya kichwa na betri za akiba, fimbo mbili za kutembelea, miwani ya jua, mafuta ya midomo.
- Chupa ngumu za maji, jumla lita tatu. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi hifadhini, na mifuko ya plastiki ni marufuku nchi nzima tangu 2019.
- Begi kubwa laini lisilo na magurudumu la kubebwa na mpagazi, na dogo la mgongoni la kwako.

Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikilowa haikauki, na nguo mbichi kwenye mita 4,000 ni hatari kweli.

Ndugu zangu wanawake, bebeni pedi hata kama siku zenu bado. Mwinuko huvuruga mzunguko.

*Mazoezi.* Miezi miwili inatosha kama wewe ni mzima. Jambo kubwa ni kutembea muda mrefu ukiwa na mzigo mdogo mgongoni, hasa kupanda na kushuka. Panda ngazi za ghorofa. Jumamosi tembea kwa muda wa saa tano bila kupumzika sana. Aliye Morogoro ana Uluguru, aliye Arusha ana Meru, aliye Nairobi ana Longonot na Ngong. Mtu aliyepanda Meru wiki moja kabla anakuja kwetu na faida kubwa.

Hatua kwa hatua

1. Geti la Machame: mizani na daftari. Fika saa tatu asubuhi. Utasubiri, usikasirike. Mizigo yote inapimwa, na mpagazi haruhusiwi kuzidisha kilo 20. Kilo hizo si zako peke yako, kwa hiyo begi lako lisizidi kilo 15. Hapa ndipo watu huanza kutoa viatu vya ziada, pafyumu na spika. Toa usiku wa kabla, hotelini, umalize. Kisha jisajili kwenye daftari la hifadhi. Utasaini kila kambi mpaka unatoka.

2. Msituni hadi kambi ya Machame, kama kilomita 11. Unatoka karibu mita 1,800 unafika karibu 2,850. Njia nzuri, kivuli, mbega juu ya miti. Na hapa ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu hewa bado ipo na miguu ina hamu. Mwendo unaotakiwa ni huu: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa kuimaliza sentensi, umekwenda mbio. Wapagazi watakupita na kilo 20 kichwani, wapishe, usiwafukuzie. Hiyo ni kazi yao ya kila wiki.

3. Shira, kama kilomita tano. Fupi lakini kali, mpaka karibu mita 3,800. Msitu unaisha, jua linachoma. Weusi wa ngozi hautakukinga: paka mafuta ya jua puani, masikioni na shingoni. Ukifika kambini utakuta chai na bisi. Kula hata kama huna hamu, halafu usilale. Tembea taratibu dakika ishirini kuzunguka kambi, rudi ukae. Anayelala mchana hupumua kwa kina kifupi, akaamka kichwa kinagonga.

Kuanzia hapa, kila jioni tutakupima oksijeni kidoleni na kukuuliza umekula nini, umekojoa mara ngapi, kichwa kikoje. Jibu kweli. Nitalirudia hili.

4. Lava Tower, kisha kulala Barranco. Siku muhimu kuliko zote kabla ya kilele. Unapanda hadi karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana huko, halafu unashuka kulala karibu mita 3,950. Tunasema panda juu, lala chini. Wengi huumwa kichwa pale Lava Tower. Hilo ni la kawaida na mara nyingi hupungua ukishuka. Kisichokuwa cha kawaida ni kichwa kinachozidi baada ya kushuka. Bondeni utaona ile miti mikubwa ya senesio inayoota huku tu kwenye milima mirefu ya kwetu, imevaa majani yake makavu kama koti. Piga picha, ila kwanza kunywa maji.

5. Ukuta wa Barranco hadi Karanga. Wageni hawalali wakiuwaza. Ukuta unatisha ukiutazama kutoka kambini, lakini hauhitaji kamba. Funga fimbo kwenye begi, maana unahitaji mikono miwili. Hakikisha una sehemu tatu zimeshika kabla ya kusogeza ya nne. Kuna jiwe moja utalikumbatia kifua kwa kifua ili kupita. Fuata anapokuonyesha kiongozi, usitazame chini. Na sheria moja ya maisha: mpagazi akija, simama upande wa ukuta, siyo upande wa bonde.

Karanga ni karibu mita 4,000. Kijito cha hapa ndicho maji ya mwisho. Barafu hakuna maji kabisa. Kila kikombe utakachokunywa huko kimebebwa kichwani kutoka hapa. Mtu akijua hilo hamwagi maji ya kunawia.

6. Barafu. Kama saa nne za kutembea, mpaka karibu mita 4,670. Kambi ya mawe na upepo. Fika, kula, na hapa, tofauti na Shira, lala saa nane mchana hata kama usingizi hauji, maana utaamshwa usiku. Kabla ya kulala, panga kila kitu cha usiku mahali kitakapopatikana gizani: nguo kwa mpangilio wa kuvaa, betri mpya kwenye taa, vitafunio mfukoni. Simu, betri na pawabenki ziingize ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, baridi inazimaliza.

7. Usiku wa kilele. Utaamshwa saa tano usiku. Kwanza unasikia zipu za mahema ya jirani, kisha sauti ya mpishi, "Chai, chai," na kikombe cha chai ya tangawizi kinaingia kupitia mlangoni. Shika kikombe kwa mikono yote miwili kabla hujavaa glovu. Vidole vikipoa mwanzoni ni kazi kuvipasha baadaye. Kula biskuti mbili au uji hata kama tumbo linakataa.

Vaa tabaka: nguo ya kubana, sweta, jaketi nene, koti la kuzuia upepo. Chupa ya maji ivishe soksi na uiweke kichwa chini, maana maji huganda kuanzia juu. Ukiigeuza, mdomo wa chupa unakuwa bado wazi. Kama unatumia mpira wa kunyonyea maji kutoka begini, puliza maji yarudi ndani kila baada ya kunywa.

Tunaondoka karibu saa sita usiku. Kwa nini usiku? Kokoto za mteremko huu zimegandishwa na baridi, zinashika mguu. Mchana zinateleza, hatua mbili mbele moja nyuma. Pia asubuhi anga huwa safi na una siku nzima ya kushuka.

Mwendo ni kisigino karibu na kidole. Ndiyo, kiasi hicho. Tazama visigino vya aliye mbele yako, usitazame taa zilizoko juu, zitakuvunja moyo kwa kuwa zinaonekana kama nyota. Mapumziko ni dakika mbili au tatu, umesimama. Ukikaa chini kwenye mita 5,400 baridi inaingia na usingizi unakuja nao. Nitakuinua, na hutanipenda wakati huo.

Stella Point, mita 5,756, utafika karibu na mapambazuko. Mawenzi, kilele kingine cha mlima huu, iko kwa mbali, nyeusi, na nyuma yake rangi ya chungwa. Wengi hulia hapa. Kutoka Stella hadi Uhuru, kilele chenyewe, ni kama dakika 45 hadi saa nzima, unapanda kidogo tu, barafu ikiwa kushoto kwako. Kileleni dakika 15 hadi 20, basi. Piga picha, kumbatianeni, tushuke.

8. Kushuka hadi kambi ya Mweka. Watu husahau kwamba siku haijaisha. Unashuka Barafu, unapumzika saa moja, unakula, halafu unaendelea mpaka karibu mita 3,100. Ajali nyingi za vifundo ninazozijua zimetokea hapa, siyo wakati wa kupanda. Kunja magoti, tumia fimbo, kaza kamba za buti juu ya kifundo ili kidole kisigonge mbele. Kucha za miguu ulipaswa kuzikata kabla ya safari. Usipozikata utanikumbuka Mweka.

9. Geti la Mweka. Saa tatu au nne za msituni, unasaini daftari mara ya mwisho, unapewa cheti. Cheti kipo cha Uhuru na kipo cha aliyefika Stella. Bahasha ya wapagazi mpe kila mmoja mkononi, au itajwe mbele ya wote nani anapata kiasi gani. Usimkabidhi mtu mmoja kimyakimya akagawe baadaye.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kubwa kuliko yote, na kwa uzoefu wangu sisi Waafrika Mashariki tunalifanya kuliko wageni wa nje, ni kukaza. Mtu amechangiwa na wenzake, amewatangazia ofisi nzima, anaona aibu kusema anaumwa. Anakunywa dawa za maumivu kwa siri, anakuja mezani anatabasamu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nilikuwa na kijana mmoja kutoka Dar, mchezaji mpira, mwenye pumzi ya kukimbia dakika tisini. Shira alikuwa anaimba. Barranco hakula, nilipomuuliza akasema, "Nimeshiba bisi, mkuu." Karanga usiku, mwenzake wa hema akanifuata: huyu ametapika mara tatu na ameniomba nisiseme. Nilimtoa nje, nikawasha taa, nikamwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino kiguse kidole. Hatua ya tatu aliyumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe. Hatukungoja asubuhi. Wagumu waliamka, tukamshusha kwa machela gizani, wakipokezana bila kulalamika. Kulipopambazuka tulikuwa chini kabisa, msituni, naye akawa anaomba uji. Angesema Barranco, tungempumzisha siku moja na huenda angefika.

Mengine kwa ufupi. Kunywa pombe kali ili upate joto: inakupoza na inakukausha. Dawa za usingizi: zinapunguza pumzi usiku, wakati ambao unaihitaji zaidi. Kufunga Ramadhani huku unapanda: msafiri ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, tafadhali tumia ruhusa hiyo, maji hayawezi kungoja magharibi. Kuacha chakula nje ya hema: kunguru wa huku wenye shingo nyeupe hufungua hata zipu iliyolegea.

Ukikwama: tatizo na la kufanya

*Kichwa kinauma kidogo, nina njaa, natembea sawa.* Kunywa maji, punguza mwendo, mwambie kiongozi. Dawa ya kawaida ya maumivu sawa, ila aijue.

*Kichwa kinazidi, natapika, sina nguvu.* Hupandi tena mpaka dalili ziishe. Zisipoisha au zikiongezeka, unashuka.

*Nayumba, nachanganya maneno, sijui niko wapi.* Ubongo unavimba. Unashuka sasa hivi, hata kama ni usiku. Ukiona mwenzako ana hali hii usimsikilize akikataa. Kinachokataa ni ugonjwa.

*Nakohoa, nakosa pumzi hata nikiwa nimekaa, makohozi yana povu au rangi ya waridi.* Maji yameingia mapafuni. Oksijeni na kushuka mara moja. Helikopta zipo, lakini haziruki kwenye ukungu, kwa hiyo tunaanza kushuka kwa miguu au machela huku tukiwasiliana.

*Silali usiku, nashtuka kama nimekata pumzi.* Hutokea kwa wengi mwinukoni. Inua kichwa kwa nguo, usiogope, mtaarifu kiongozi asubuhi.

*Siwezi kula.* Mwambie mpishi mapema. Mtori, supu, uji wa ndizi, viazi, chochote kinachoshuka. Siku mbili bila kula hakuna kilele.

*Vidole vimekufa ganzi usiku wa kilele.* Simama, vitie kwapani au tumboni, kwako au kwa mwenzako, bila aibu. Usisugue. Vikiwa vyeupe na vigumu, tunageuka.

*Lengelenge kisiginoni.* Liwahi likiwa bado ni joto tu: kausha mguu, bandika plasta, badili soksi. Ukingoja mpaka kambini limeshapasuka.

*Kiongozi amesema nigeuke, mimi najiona mzima.* Geuka. Muulize sababu mkiwa chini, ana wajibu wa kukueleza, na kama ulikuwa na fedha ya kujaribu tena mwakani utakuwa na mwili wa kujaribu nao pia.

*Nimesharudi nyumbani, siwezi kushuka ngazi.* Mapaja yatauma siku tatu au nne. Tembea kidogo kidogo, kunywa maji mengi, usikae kitandani. Lakini kama kigimbi kimoja tu kimevimba, kina joto na kinauma ukikigusa, hasa baada ya safari ndefu ya basi kwenda Dar, nenda hospitali siku hiyohiyo uwaambie umetoka mlimani.